Gauni la Kijani Lililorudi Mara Tatu

Mteja wa kwanza aliandika maneno manne tu: "Dada, siyo rangi hii." Chini yake aliweka picha mbili ubavu kwa ubavu. Huku gauni nililolitangaza kwenye duka langu la mtandaoni, huku gauni hilo hilo limetandazwa juu ya kitanda chake. Nilizitazama muda mrefu. Hata mimi niliyelinunua kwa jumla, nikalipiga pasi na kulifunga kwa mkono wangu, nisingeapa kwamba ni nguo moja. La kwangu lilikuwa na umanjano, kama jani lililoanza kukauka. La kwake lilikuwa kijani kizito cha chupa. Na la kwake ndilo lililokuwa la kweli.

Kabla mwezi haujaisha, mengine mawili ya mtindo ule ule yalisharudi, kila moja na lalamiko lake.

Kilichoniuma ni kwamba siku ya kupiga picha zile nilijiona nimejiandaa. Nilikuwa na picha kama 60 nilizozihifadhi kwenye simu kutoka maduka makubwa: mwanamitindo kaegemea ukuta, mwanamitindo anacheka akitazama pembeni, mwanamitindo karusha pindo la sketi hewani. Nilikuwa na muziki. Nilikodi chumba chenye dirisha kubwa na balbu za njano zinazoning'inia, zile zinazofanya kila kitu kionekane cha gharama. Nguo 22, muda wa saa 4, mwanamitindo mmoja, mpigapicha mmoja, na mimi nazunguka nikisema "safi sana, safi sana". Tuliondoka na picha zaidi ya 600. Usiku nilizipitia nikitabasamu peke yangu.

Kosa la rangi lilikuwa dogo kiasi cha kuudhi. Mwanga wa mchana unaopita dirishani una joto la rangi, yaani kipimo cha umanjano au ubuluu wa mwanga, la kelvini 5,500 hivi, wakati mwingine zaidi, nao ni mweupe au wa kibuluu kidogo. Balbu ya njano ya nyumbani iko kwenye 2,700 hadi 3,000. Macho yetu husawazisha tofauti hiyo bila sisi kujua, ndiyo maana mle chumbani hakuna aliyeona tatizo. Kamera haina uungwana huo. Lazima iambiwe nyeupe ni ipi, na kama kuna nyeupe mbili ndani ya picha moja, itaipatia moja na kuikosa nyingine. Bega lililokuwa upande wa dirisha lilitoka kijani cha kuelekea buluu, la upande wa balbu likawa manjano. Mpigapicha, kijana mwenye subira, alipofika kwenye kuhariri akachagua kuokoa ngozi ya mwanamitindo. Uso ukapendeza, gauni likapotea. Simlaumu. Sikuwa nimemwambia kwamba ninauza gauni. Nilikuwa nimemwonyesha picha 60 za watu waliopendeza.

Siku hizi kitu cha kwanza tukiingia chumbani ni kuzima taa. Zote, hata ya chooni kama mlango uko wazi. Dirisha tunalifunika shuka jeupe jembamba ili mwanga uwe laini, na upande wa pili tunasimamisha ubao mweupe wa kurudisha mwanga kwenye kivuli. Shuka liwe jeupe kweli. Siku moja nilitumia lenye maua ya waridi yaliyopauka, nikidhani hayataonekana, na kila blauzi nyeupe ikatoka kama imefuliwa pamoja na nguo nyekundu. Tukihama mahali, au jua likiingia wingu, mwanamitindo anashika kadi ya kijivu mbele ya kifua, inapigwa picha moja, kazi inaendelea. Kadi hiyo ndiyo inayompa mpigapicha pa kuanzia wakati wa kuhariri. Halafu kabla sijapokea picha, ninaining'iniza nguo yenyewe dirishani na kushika skrini kando yake.

Gauni la pili lilirudi kwa sababu ya urefu. Kwenye picha pindo lilikuwa juu kidogo ya goti. Kwa mteja lilishuka chini ya goti, akasema amejiona kama kavaa nguo ya dada yake mkubwa. Mwanamitindo wetu alikuwa na urefu wa sentimita 178, na mteja, nilipomuuliza, 160. Gauni halikuwa na kosa, wala picha. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa maandishi: mwanamitindo ana urefu gani, na amevaa saizi gani. Sasa mstari huo upo chini ya kila nguo, na pembeni yake urefu wa nguo yenyewe kutoka begani hadi pindoni, kwa sentimita, umepimwa kwa futi ya fundi ikiwa mezani. Ni kazi ya dakika mbili. Niliifanyia uvivu mwaka mzima.

La tatu ndilo lililonitia aibu, kwa sababu hapo hapakuwa na bahati mbaya. Gauni lile limeshonwa wima, halina mkato wa kiuno. Siku ya picha lilimpwaya mwanamitindo, nami nikachukua vibanio vya karatasi nikambana mgongoni: kimoja chini ya shingo, viwili katikati ya mabega, vinne kushuka hadi nyonga. Kwa mbele likakaa kama limeshonewa yeye. Alipogeuka, mpigapicha akasema, "Huo mgongo wa mamba," tukacheka wote mpaka mwanamitindo akashika ukuta. Wiki tatu baadaye mteja akauliza, kwa upole kabisa, mbona halikamati kiuno kama la yule dada. Niliandika jibu mara tatu nikalifuta. Ningemwambia nini? Kwamba kiuno alichokinunua kilikuwa vibanio saba?

Vibanio sikuviacha, na simwamini muuza nguo anayesema havigusi kabisa. Nguo ya mfano mara nyingi ni saizi moja tu, na mwili wa mwanamitindo ni mwingine. Mpaka niliojiwekea ni huu: naruhusu kibanio kiifanye nguo ikae kama ambavyo ingekaa saizi sahihi. Kuifanya iwe mtindo mwingine, hapana. Na kila nguo ipigwe angalau picha moja bila kibanio hata kimoja, ikiwa imegeuka, mgongo wote unaonekana. Sheria hiyo ya mgongo imenilazimisha kutafuta wanamitindo wanaoenea nguo, badala ya kutafuta nguo zinazobanika.

Baada ya lile la tatu nilikaa jioni moja na daftari, nikafungua meseji za wateja za miezi mitatu, nikaanza kunakili maswali. Maswali tu, sifa na shukrani nikaziruka. Inaonyesha ndani? Ina mifuko? Zipu iko pembeni au mgongoni, maana naishi peke yangu. Nikikaa inapanda? Mkono unakunjika? Hiyo kamba ya mkoba inapita kichwani mtu akivaa kilemba? Mkoba unaingia karatasi ya A4 bila kukunjwa? Kitambaa kinavutika? Nilijaza kurasa nne na nusu. Kisha nikafungua zile picha 600 nikazisoma upya, safari hii kama mtu anayetafuta majibu. Hakukuwa na picha hata moja ya mtu aliyekaa. Mifuko ilikuwepo kwenye magauni sita na hakuna mkono hata mmoja ulioingia mfukoni. Mikoba yote ilikuwa imebebwa na mtu anayetembea akipeperusha nywele, na hakuna uliokuwa wazi.

Kuanzia hapo orodha ya picha inatoka kwenye daftari lile. Kila nguo ina mbele, mgongo na ubavu, hilo halina mjadala. Zaidi ya hapo inategemea inaulizwa nini. Sketi nyembamba lazima ikaliwe kwenye kiti. Blauzi nyepesi inapigwa dirisha likiwa nyuma ya mwanamitindo, mkono umenyooshwa, ili anayetaka kujua kama inaonyesha aone mwenyewe, na kama inaonyesha, inaonyesha. Mifuko inaingizwa mikono. Kitambaa kinachovutika kinavutwa kwa vidole viwili, karibu kabisa, hadi nyuzi zionekane. Mkoba unapigwa ukiwa begani, ukiwa mkononi, na ukiwa wazi juu ya meza na karatasi ya A4 inaingia ndani. Mkoba uliopigwa peke yake unaweza kuwa na ukubwa wowote duniani. Ukiwa kwenye ubavu wa mtu, jicho linapima lenyewe.

Picha za kupendeza bado tunapiga. Moja au mbili kwa kila nguo, za kumsimamisha mtu anayepitisha kidole haraka kwenye simu. Lakini zimeshuka kutoka kuwa kazi nzima hadi kuwa pambo la kazi, na ninazipiga mwishoni, majibu yakishapatikana.

Kuhusu kumpata mwanamitindo, nimekosea kwa njia mbili zinazopingana. Mwanzoni nilichagua kwa sura, kwenye picha alizojichagulia mwenyewe na kuzipitishia vichujio. Alipofika alikuwa mzuri kweli, ila vipimo alivyonitumia vilikuwa vya miaka miwili iliyopita, na nusu ya nguo hazikupita nyonga. Yeye aliona aibu, mimi niliona aibu, na hakuna aliyekuwa na kosa la kuonewa aibu, mwili hubadilika. Mara iliyofuata nikajifanya mjanja, nikamchukua rafiki yangu anayeenea kila kitu dukani. Rafiki yangu mbele ya kamera aligeuka mti. Mabega yakapanda hadi masikioni, tabasamu likawa la picha ya kitambulisho. Kumbe kusimama mbele ya lenzi saa 4, ukibadilisha nguo mara 14, na bado mkono wako uwe mkono wa mtu aliyetulia, ni ufundi. Unalipiwa, kama ufundi mwingine.

Sasa naomba picha tatu za simu zisizohaririwa, mbele, mgongo na ubavu, na nywele zimefungwa. Naomba vipimo vya wiki hiyo. Halafu siku moja au mbili kabla tunakutana dakika 40 kujaribu nguo, na muda huo naulipia. Kujaribu huko kumeniokoa kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua. Hapo ndipo ninapojua sketi ipi ina mshono uliopinda, blauzi ipi inataka sidiria ya rangi ya ngozi, suruali ipi tuiache nyumbani. Kwa nguo zinazouzwa sana natafuta wanamitindo wawili wa miili tofauti. Gharama inaongezeka, lakini gauni lile lile kwenye saizi S na XL linajibu maswali ambayo maneno hayawezi.

Makubaliano nayo yalinifundisha kwa njia ngumu. Mwanamitindo wa pili tulipatana kwa mdomo: picha ni "za duka". Miezi kadhaa baadaye nikachapisha bango kubwa la maonyesho nikitumia picha yake. Akapita, akajiona ana urefu wa mita mbili, akanipigia simu. Hakufoka. Aliuliza tu, "Dada, hili nalo ni duka?" Alikuwa na haki, nikamlipa tofauti, na jioni ile ile nikaandika karatasi ya ukurasa mmoja ambayo tangu wakati huo inasainiwa kabla kamera haijatolewa kwenye begi. Inasema picha zitatumika wapi, kwa muda gani, kama ninaweza kumpa muuzaji mwingine, saa za kazi ni ngapi na zikizidi malipo yanakuwaje. Nimeongeza karibuni kwamba uso na mwili wake havitatumika kutengenezea picha mpya kwa akili mnemba bila ruhusa nyingine ya maandishi. Mwanamitindo mmoja alipousoma mstari huo alipumua kwa sauti, akasaini bila kusoma mengine, nikamrudisha asome.

Na mpigapicha vile vile ana karatasi yake. Katika nchi nyingi hakimiliki ya picha huanzia kwa aliyeibonyeza kamera isipokuwa mmekubaliana vinginevyo au sheria ya ajira inasema tofauti. Kulipa siku ya kazi si lazima kuwe kununua picha. Mambo haya yakizungumzwa mapema ni mazungumzo tu. Yakizungumzwa baadaye ni ugomvi.

Jambo dogo ambalo si dogo: mahali pa kubadilishia nguo. Siku ya kwanza nilimwambia mwanamitindo abadilishie nyuma ya pazia, mpigapicha yuko hatua tatu. Hakulalamika, lakini kila kubadilisha kulichukua dakika nane kwa sababu alikuwa anavaa nguo moja huku kashika nyingine kifuani. Chumba chenye mlango na kitasa kiliishusha hadi dakika tatu. Nasema kwa lugha ya muda kwa kuwa wenye maduka tunaielewa haraka, ila hata kama kingeongeza muda ningekitafuta. Asiye na kazi siku hiyo haingii, awe shemeji wa mpigapicha au rafiki yangu aliyekuja kuangalia.

Ratiba ndiyo iliyonishinda muda mrefu zaidi. Nguo 22 kwa saa 4 ni chini ya dakika 11 kwa nguo, pamoja na kuvua, kuvaa, kunyoosha na kupumua. Hesabu hiyo sikuifanya. Siku ile tulifika nguo ya 14, mbili za mwisho zikapigwa mwanga ukiwa umeshahama ukutani. Sasa natenga dakika 15 kwa nguo, na saa ya kwanza siihesabu. Saa ya kwanza ni ya vipodozi, kuandaa mwanga, kupatana kuhusu muziki na kujua jina la mtu linavyotamkwa. Saa 4 kwangu ni nguo 12, na nikimaliza 12 nafurahi.

Mpangilio wa nguo niliudhani ni suala la uzuri. Ni suala la ngozi, nywele na viatu. Nguo za kubana na zenye lastiki huacha alama kiunoni na mabegani zinazochukua nusu saa au zaidi kufutika, kwa hiyo zinakwenda mwisho, na namwomba mwanamitindo aje na nguo pana na asivae soksi za kubana. Nguo nyeupe na zile za kupitisha kichwani zinatangulia, kabla vipodozi havijaanza kulainika kwa joto, na hata hapo uso unafunikwa kitambaa chepesi wakati wa kuvaa. Blauzi moja nyeupe ilipata midomo miwili myekundu ndani ya kola na sikuweza kuiuza. Viatu vya kuuza vinabandikwa utepe wa karatasi kwenye soli zisichafuke. Nguo ninayoitegemea zaidi siiweki ya kwanza, maana kila mtu bado ni mbao, wala ya mwisho, maana miguu imechoka. Inaingia ya nne au ya tano. Ya kwanza ni kitu rahisi, shati la kawaida, ambalo hata likiharibika halinilizi.

Pasi inapigwa usiku wa kuamkia siku ya picha. Siku moja niliiacha kwa asubuhi na dakika 40 za mwanga bora ziliishia kwangu nikiwa nimeinama juu ya meza, mwanamitindo kakaa kwenye kiti na vipodozi kamili, anacheza na simu kwa malipo.

Mtu muhimu kuliko wote siku hizi ni mdogo wangu, ambaye hajui kamera wala mavazi. Anashika kalamu na orodha. Kila nguo ikimalizika anaikuza picha moja kwenye skrini, anaangalia pembe zote nne, anaweka alama. Alianza baada ya kisa cha lebo. Tulipiga blauzi moja picha 31, mkono hivi, mkono vile, na katika zote 31 kikaratasi cha saizi kilikuwa kinachungulia kwapani kama ulimi. Watu watatu wazima tulikuwa tunamtazama mwanamitindo usoni. Mdogo wangu hamtazami mtu usoni. Anapiga kelele "kola!" na "uzi!" na "kucha!", na kazi inasimama mpaka kirekebishwe. Wapigapicha wengine huchukia siku ya kwanza. Siku ya pili huuliza kama atakuwepo.

Mapozi sikuyajua na bado siyajui vizuri, ila nimeacha kusema "kuwa kawaida tu". Hakuna binadamu anayekuwa kawaida akiambiwa awe kawaida. Nilikuwa na mwanamitindo mmoja mpya, binti mkimya, ambaye kila nikimwambia alegeze mabega yalizidi kukaza. Nikachoka, nikamwambia, "Hebu funga hicho kifungo cha mkono." Akainamisha kichwa, vidole vikatafuta tundu, kiwiko kikakunjika, kitambaa cha mkono kikakusanya mikunjo yake halisi. Hiyo ndiyo picha iliyouza shati lile. Tangu hapo natoa kazi. Tafuta funguo kwenye mkoba. Geuka kama umeitwa na mtu unayemdai. Tembea mpaka kwenye ule mlango, ushike kitasa, urudi. Mtu akiwa na shughuli, mwili unajipanga, na nguo inaonyesha inavyofanya ikitumika. Kwa kutembea tu, mwambie mpigapicha spidi ya shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, la sivyo pindo linageuka ukungu.

Kwa wanaopiga kwa simu, nami bado napiga nyingi hivyo: lenzi pana inayotangulia ukifungua kamera hunyoosha kilicho pembeni mwa picha. Ukisogea karibu, miguu inarefuka na kichwa kinapungua, au kinyume chake. Rudi nyuma hatua kadhaa, tumia lenzi ya 2x, na ushushe simu hadi usawa wa kiuno kwa picha ya mwili mzima. Ukipiga ukiwa umesimama wima na simu usoni, unamfupisha mtu na nguo yake. Acha nafasi juu ya kichwa na pembeni. Nilikuwa najaza fremu mpaka kingo, halafu kila pahali mtandaoni palipohitaji picha ya mraba pakamkata mtu ama kichwa ama viatu. Na mashati ya mistari myembamba yana uchawi wake: mistari ikigongana na vitone vya kihisio, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga, yanatokea mawimbi ya rangi ambayo hayapo kwenye shati. Usihangaike nayo kwenye kuhariri. Sogea nusu hatua, piga tena.

Baada ya siku hiyo faili zote zinanakiliwa mahali pawili kabla kadi ya kumbukumbu ya kamera haijafutwa, na zinapewa namba ya bidhaa badala ya majina tuliyozoea. "Gauni zuri la mwisho kabisa 2" nimelitafuta vya kutosha. Kwenye kuhariri naondoa uzi, vumbi, alama ya kibanio. Kiuno cha mtu hakiguswi.

Daftari lile limejaa, nimeanza la pili. Wiki iliyopita mteja anayefanya kazi maktaba aliuliza kuhusu sketi ya kitambaa kigumu chenye kung'aa: "Ukitembea inapiga kelele?" Nilikuwa na picha tisa za sketi hiyo, mbele, nyuma, imekaliwa, imeshikwa mifukoni, na hakuna hata moja iliyomfaa. Nikaivaa mwenyewe juu ya suruali ya nyumbani, nikamwambia mdogo wangu azime redio na ashike simu, nikatembea koridoni kwenda na kurudi. Sekunde 10. Tukaisikiliza tukiwa tumeinamisha vichwa pamoja. Inapiga, kidogo, kama mtu anayefungua bahasha chumba cha pili. Nikamtumia vile vile, na suruali ya nyumbani ikionekana chini.